Mashine Iliyolia Benchini

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya saluni ya kinyozi, chini ya bati lililochomoza kidogo kuelekea barabarani. Mwisho wake mmoja una kivuli kutwa nzima, mwisho wa pili unapigwa na jua kuanzia saa tatu. Wenye benchi wana sheria moja tu, na hakuna anayekumbuka nani aliitunga: kitu kipya hakiingii nyumbani kwa mtu kabla hakijapita benchini. Redio, pasi, baiskeli, viatu, vyote vimepita. Hata mchumba wa mtu aliwahi kukalishwa pale, akanyweshwa kahawa na kuulizwa maswali mpaka akaomba maji. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi, Vidole alipotokea na kibodi kwapani, skrini mkononi na mwanawe mgongoni, hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wanamsubiri tangu kahawa ya kwanza.

Jina la Vidole walimpa wao, kwa sababu anachapa bila kutazama kibodi. Alichapa miaka minne katika duka la uchapaji karibu na shule, mpaka alipojifungua. Mwanawe sasa ana miezi kumi, mashavu yamemjaa hadi macho yanajificha akicheka, na benchi zima linamwita Bonge. Mtoto anayetambaa na nyaya za dukani ni vitu viwili visivyokaa pamoja, kwa hiyo Vidole aliacha kazi. Halafu mwezi uliopita Mwalimu Mkuu akamwita. Muhula uliotangulia mtihani ulivuja, kwa kuwa wateja wa duka walikuwa wakisimama nyuma ya mchapaji na kusoma mabegani mwake. Sasa Mwalimu Mkuu alitaka mtu wa kuchapia nyumbani kwake, kwenye mashine yake mwenyewe, mlango umefungwa. Akasema: Jumamosi saa sita mchana karani wa shule atakuja kuiona mashine ikifanya kazi. Ikiwaka, mitihani ya shule nzima ni yako. Isipowaka, kuna mwingine anayeitaka.

Kompyuta nzima Vidole hakuimudu. Aliikusanya kipande kimoja kimoja, hiki kipya, hiki kilichotumika, na diski alipewa bure na mwenye lile duka la uchapaji, ikiwa na programu zake zote ndani. Alimwambia tu, "Chukua, uliitumia kuliko mimi." Lakini Vidole anaishi chumba kimoja, na Bonge chochote kinachong'aa kwake ni chakula. Ndipo benchi likagawana ulezi. Kila kipande kikapewa mtu wa kukilea mpaka siku ya kuunganisha.

— Shikamooni, alisema Vidole.

— Marahaba, mama. Njoo, kaa huku kivulini.

Aliyejibu alikuwa Gia, dereva wa malori aliyestaafu, mwenye shingo nene na sauti ya kushindana na injini. Alikuwa ameshainuka na kuhamia upande wa jua.

— Mimi napenda jua, aliongeza, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Vidole alikaa. Birika, mama wa kahawa, alimwekea kikombe pembeni. Kilikuwa kimeshapoa kiasi cha mtu mwenye mtoto mgongoni kuweza kunywa.

— Haya, walezi, toeni watoto, alisema Birika. Saa tatu na nusu hii. Mgeni anaingia saa sita.

Gia alitoa pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme, kwenye mfuko wa nailoni, akaikumbatia kidogo kabla ya kuiweka chini.

— Tanki la mafuta hili. Nililala nalo kitandani. Mke wangu kauliza nani anapewa nafasi hiyo, mimi au hilo boksi.

— Ukasemaje?

— Nikamwambia boksi halikoromi.

Kinyozi alitoka saluni na mazabodi, ule ubao wa kijani ambao vipande vyote hupandishwa juu yake, ameufunika kwa taulo safi la kunyolea. Ni mtu mrefu, mwepesi, asiyeweza kuongea bila kuchezesha mkasi hewani. Ndani ya saluni mteja mmoja alikuwa kitini, kichwa kimenyolewa upande wa kulia tu.

— Dakika mbili, kaka! Kinyozi alimpigia kelele.

— Ulisema hivyo zamani, alijibu mteja.

Wa mwisho alikuwa Fundi Saa. Mzee huyo ana meza yake ndogo ya kutengeneza saa hapohapo pembeni, na kile kioo cha kukuzia anakivaa jichoni hata akiwa anakunywa kahawa. Alifungua droo, akatoa kiboksi cha saa ya mkononi, akafunua pamba. Juu ya pamba ililala prosesa, akili ya mashine, ndogo kama biskuti.

— Nilikuwa naigeuza kila jioni, alisema kwa upole.

— Kuigeuza kwa nini, mzee wangu? Vidole aliuliza.

— Isichoke upande mmoja.

Vidole alijua kuwa prosesa haichoki upande mmoja. Lakini alimwona mzee huyo kichwani mwake, jioni baada ya jioni, akifungua droo na kugeuza kitu kisichokuwa chake, na akaona si jambo la kumrekebisha mtu.

— Ahsante, mzee wangu.

— Sasa sikilizeni, alisema Fundi Saa. Hatuiingizi kwenye kasha lake la bati. Tunaiwasha kwanza hapa, juu ya boksi lake la karatasi. Ikikubali ndiyo inapata nyumba. Mkianza na kasha, ikikataa mtafungua skrubu zote upya, na macho yangu hayana skrubu za kuchezea.

Hapo hakuna aliyebisha, na hiyo peke yake ni habari. Boksi likalazwa katikati ya benchi, mazabodi ikakaa juu. Fundi Saa akashika kibanio chake cha saa, akateremsha prosesa polepole, alama ya kona ikaangukia kwenye kona yake. Kinyozi akapewa kichupa cha ile dawa ya kupoozea prosesa. Akaminya.

— We! Fundi Saa akapiga kelele. Punje! Nimesema kama punje ya mchele!

— Hii ni punje.

— Hilo ni povu la kunyolea ndevu. Futa!

— Joto haliogopi punje, mzee. Mimi naelewa vichwa.

— Unaelewa vichwa vya nje. Futa.

Akafuta, huku akinung'unika. Kisha ikafuata feni ya juu ya prosesa, na hapo Kinyozi uso ukamchangamka tena. Wakaunganisha pawa saplai kwa waya mrefu uliotoka saluni, wakaichomeka diski, wakaingiza vijiti viwili vya kumbukumbu, wakachomeka skrini. Kitufe cha kuwashia kilikuwa kwenye kasha, na kasha lilikuwa bado tupu, kwa hiyo Fundi Saa aligusisha ncha ya bisibisi kwenye vijino viwili vya mazabodi.

— Kama kupiga stata ya lori bovu, alisema Gia kwa mapenzi.

Feni ikazunguka. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

— Sikilizeni! alisema Kinyozi, kidole juu.

— Sisikii kitu, alisema Birika.

— Ndiyo hiyo! Ndiyo yenyewe! Feni isiyosikika!

Vidole akainama kuitazama.

— Mbona hii si ile niliyowakabidhi? Ile ilikuwa nyeusi.

Wanaume watatu wakatazama pande tatu.

— Tumekubadilishia, alisema Gia. Usiulize zawadi.

Hakuuliza. Akanywa kahawa yake.

Lakini skrini ilibaki nyeusi. Katikati yake pakatokea maneno madogo: hakuna ishara. Halafu kutoka kwenye kispika kidogo cha mazabodi ikasikika sauti. Piiiiiip. Pi. Pi. Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Kimya. Kisha tena: piiiiiip, pi, pi.

— Inasalimia, alisema Kinyozi.

— Mwambie marahaba basi, alisema Birika.

Wakaizima, wakaiwasha. Piiiiiip, pi, pi. Vidole alitazama saa ya Fundi Saa ukutani. Saa nne na dakika tano.

— Mimi najua, alisema Gia. Umeme hautoshi. Hili ni lori limepakia mzigo mkubwa, lipo mlimani, na dereva yuko gia ya nne. Lazima lilie. Zimeni kila kitu kinachokula umeme kwenye huo waya.

— Kwenye huo waya kuna mashine yangu ya kunyolea tu, alisema Kinyozi.

— Chomoa.

— Nina mtu kitini!

— Yuko wapi? Si umemwacha nusu saa? Chomoa.

Ikachomolewa. Mashine ya kompyuta haikubadili wimbo. Piiiiiip, pi, pi.

— Huo si umeme, alisema Kinyozi. Ni kumbukumbu. Hivi vijiti viwili kimoja kimetoka duka hili, kingine duka lile. Havijuani. Wewe ungekalishwa bega kwa bega na mtu usiyemjua, halafu unaambiwa kumbukeni pamoja, ungekumbuka nini?

— Ningekumbuka kwetu, alisema Gia.

— Umeona!

Wakatoa vyote viwili. Vidole alikuwa na kifutio cha penseli mkobani, akasugua meno ya vijiti mpaka yakang'aa, kama alivyokuwa akifanya dukani mashine zikisusa. Wakarudisha kimoja. Piiiiiip, pi, pi. Wakatoa, wakaweka kingine. Vilevile.

— Basi vyote viwili havijuani na sisi, alisema Kinyozi.

Fundi Saa akavua kioo chake cha jichoni, akakifuta, akakivaa tena. Hiyo ni dalili kwamba sasa anaongea mtu mwenye cheti.

— Mazabodi ina betri yake ndogo, kama ya saa. Hiyo ndiyo inayoiambia leo ni lini. Ikifa, mashine haijui tarehe. Hii ya kwetu pengine inadhani ni Jumapili, imepumzika.

— Na kupiga kelele?

— Inamfukuza anayeiamsha.

Akatoa betri mpya kwenye stoo yake, akaipachika, wala hakutaja bei. Wakawasha. Piiiiiip, pi, pi.

— Imegoma na Jumamosi pia, alisema Birika.

Saa tano kasoro. Bonge alijinyoosha mgongoni, akalia kidogo, akanyonya, akalala tena. Vidole aliitazama skrini ile nyeusi akajiona mwenyewe ndani yake, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Alikuwa ameshaipanga meza kule chumbani. Kwa miguu minne ya ile meza alikuwa amefunga matambara, Bonge asijigonge. Alishajua hata saa atakazochapa.

Benchi nalo lilipoona anatulia hivyo, likaongeza bidii, na kwa benchi lile bidii ni maneno.

— Au ni mwinuko, alisema Gia. Kuna mlima mmoja, lori likifika juu linakosa pumzi. Tuishusheni chini.

— Chini wapi? Iko kwenye benchi.

— Kwenye ardhi.

Wakaishusha pamoja na boksi lake, wakaiwasha udongoni. Ikalia. Wakaipandisha.

— Sikilizeni, alisema Kinyozi, na sasa mkasi ulikuwa unakata hewa kwa kasi. Huo si mlio wa ugonjwa. Huo ni ujumbe. Kila kipande hiki kimetoka kiwanda chake. Inawapigia wenyewe. Mrefu mmoja: nimefunguliwa. Mfupi: na kinyozi. Mfupi: njooni.

— Watakuja kwa ndege au kwa miguu? aliuliza Birika.

— Cheka tu. Mimi nishaona feni ikisimama yenyewe kwa sababu ilihisi mkono wa mtu asiyeijua.

— Ilihisi mkono wa mtu aliyekata waya, alisema Fundi Saa. Nilikuwepo. Lakini jambo la vipande kutojuana lina ukweli. Ubao umetoka nchi moja, prosesa nchi nyingine, tanki la mafuta la Gia nchi ya tatu. Nani mkalimani wao?

— Ndiyo maana inarudia neno moja! alisema Gia. Imeomba mkalimani toka asubuhi!

Mteja wa nusu kichwa alikuwa amesimama mlangoni, shuka la kunyolea shingoni.

— Mimi je, niombe nini?

— Dakika mbili, kaka, walijibu wote kwa pamoja.

Vidole alikuwa anasikiliza ule mlio kwa namna yake. Mrefu mmoja, mifupi miwili, kisha kimya, kana kwamba inasubiri kuona kama mtu anakuja.

— Mimi naona inalia, alisema.

— Si ndiyo tunavyosema.

— Hapana. Mtoto akiumwa, kilio chake hakina mpango. Kinapanda, kinashuka, kinakatika. Lakini akitaka kitu, hulia namna moja tu, anapumzika, anakutazama, anarudia vilevile. Hii haiumwi. Kuna kitu inataka na haijapewa.

Fundi Saa alikohoa. Gia akatazama barabara. Kinyozi akafunga mkasi wake.

— Itakuwa maneno ya uzazi hayo, alisema Kinyozi, lakini hakusema kwa nguvu.

— Na wewe yako ni ya nini? Birika alimwambia. Mwache mwenzio. Katika yote yaliyosemwa leo, hilo ndilo la kwanza lenye kichwa na miguu.

Wakati huo alikuwa amekwishakaa mtu wa sita benchini. Hakuna aliyemwona akija. Alikuwa mama wa makamo, miwani, mkoba mweusi umebanwa magotini na bahasha kubwa ya kaki juu yake. Walidhani ni mteja wa saa. Alitazama mazabodi, akatazama skrini, akatazama nusu kichwa mlangoni.

— Samahani, alisema. Namtafuta mchapaji. Mimi ni karani wa shule. Nimewahi kidogo.

Ilikuwa saa tano na robo.

Vidole alisimama.

— Ni mimi, mama. Shikamoo. Mashine ndiyo hii. Haija... haijawaka sawasawa.

— Marahaba. Kaa, binti, utamwamsha mtoto. Sikimbizwi. Lakini nina safari nyingine, na yule mchapaji wa pili naye ananisubiri. Acha ninywe kikombe kimoja. Kikiisha, nitaondoka na jibu.

Birika alimmiminia. Vidole aliona alivyomimina: kutoka chini kabisa ya birika, karibu na makaa, kahawa ya kuunguza midomo, na kikombe kikajaa hadi ukingoni. Karani alikigusa, akakirudisha chini.

— Ya moto hii.

— Ndiyo nzuri, mama. Usiwe na haraka nayo.

Kinyozi akaanza kumweleza mgeni habari za viwanda na ujumbe. Gia akaingilia na mlima. Fundi Saa akasema neno mkalimani. Karani alisikiliza wote, akipuliza kikombe chake, kama mtu aliyezoea kuketi kwenye vikao vya walimu. Walipoishiwa pumzi, akainama mbele.

— Mimi sijui haya mambo. Nielezeni kama mtoto wa darasa la kwanza. Hili?

— Tanki la mafuta. Umeme unatoka hapo, alisema Gia.

— Na hili?

— Prosesa. Akili, alisema Fundi Saa.

— Na hivi vijiti?

— Kumbukumbu, alisema Kinyozi.

— Na hii diski naijua, kazi zilizohifadhiwa. Sawa. Na hapo skrini, inaonyesha picha. Sasa hiyo picha, kabla haijafika kwenye skrini, inatengenezwa na kipi?

Gia alitazama ndani ya kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu. Kinyozi alifungua mdomo, mkasi ukabaki wazi hewani. Vidole alitazama mazabodi, akafuata kwa jicho pale katikati, kwenye tundu refu lililokuwa tupu. Dukani, mashine zote alizowahi kuchapia zilikuwa na kitu hapo au hazikuwa nacho, hakuwahi kutazama. Lakini hii ya kwake alikumbuka.

— Kulikuwa na kadi hapa, alisema polepole. Kadi ndefu. Niliwapa. Muuzaji aliniambia ni kadi ya picha.

Hatimaye Fundi Saa akavua kioo cha jichoni, na safari hii hakukifuta.

— Tuliirudisha dukani, mwanangu.

— Mliirudisha?

— Kwenye boksi lake kulikuwa na picha ya mtu ameshika upanga, alisema Kinyozi kwa haraka. Gari linawaka moto nyuma yake. Tukasema, hii ni ya michezo. Huyu mama wa watu anachapa mitihani, upanga wa nini?

— Tukaitoa pamoja na feni yako nyeusi, tukapewa ile isiyosikika, alisema Gia. Muuzaji akatuuliza mara mbili kama tuna uhakika. Nikamwambia tunao.

— Lakini kwa nini hamkuniambia?

Fundi Saa alitazama mgongo wa Vidole, pale Bonge alipolaza shavu.

— Ulisema mwanao ana usingizi mwepesi. Ile feni uliyoleta ilikuwa na kelele, niliijaribu. Tulitaka uchape yeye akiwa amelala.

Vidole aliwahi kulisema hilo mara moja, wiki nyingi nyuma, akipita na ndoo ya maji, wala hakumbuki kama alisimama. Vidole alijaribu kukasirika. Alikuwa na kila haki, na saa ilikuwa inakwenda. Alijaribu tena. Badala yake kikamtoka kicheko cha machozi, akafuta uso kwa ncha ya kanga.

— Kimbieni basi! alisema. Mnanitazama nini? Kimbieni!

Ni Kinyozi aliyekimbia, aproni ikipepea, ile feni nzuri mkononi, maana Fundi Saa alikuwa ameshaichomoa kabla neno halijaisha. Gia naye akakimbia, na mtu yule hakuwahi kuonekana akikimbia tangu alipostaafu. Alikimbia kama lori linavyokata kona, mwili wote kwa pamoja. Duka la vipuri liko nyuma ya mtaa wa pili.

Karani alitazama kikombe. Alikuwa amekifikisha nusu. Alipogeuka kuwaangalia wakimbiaji na kurudi, kilikuwa kimejaa.

— Hiki kikombe mbona hakiishi? aliuliza.

— Vikombe vya hapa viko hivyo, alisema Birika, akilitazama bati la juu.

Karani akamtazama kwa juu ya miwani. Kisha akanywa kidogo sana, tone tu.

Walirudi wanahema, Kinyozi amebeba kadi kama mtu abebaye yai, Gia na ile feni nyeusi ya zamani. Fundi Saa akafuta dawa iliyokuwa juu ya prosesa, akaweka mpya mwenyewe, punje moja. Feni ikapachikwa. Kadi ikazama kwenye tundu lake refu kwa mlio mdogo, tak. Vidole akachomoa waya wa skrini pale ulipokuwa, akauchomeka kwenye kadi. Fundi Saa akampa bisibisi.

— Washa mwenyewe.

Akagusisha vijino viwili.

Feni ikanguruma. Ilinguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Pi, moja tu, fupi, kama mtoto aliyepata alichotaka na kukata kilio katikati. Skrini ikawaka buluu, kisha ikaleta maandishi, kisha ukurasa.

Gia akapiga makofi. Kinyozi akamkumbatia mteja wake upande ule ulionyolewa. Na Bonge akaamka, akapiga yowe la kushinda feni.

— Nilisema, alisema Fundi Saa kwa huzuni. Nilisema ina kelele.

— Nipeni mimi, alisema Gia, na akamfungua mtoto mgongoni kwa mikono iliyozoea usukani, akamweka begani. Bonge akanyamaza ili aone vizuri.

Karani alikuwa amefungua bahasha. Akatoa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, akasogeza kibodi mbele ya Vidole, kisha akainua uso na kuwakuta wanaume watatu, mama wa kahawa na nusu kichwa wamejipanga nyuma, shingo zimenyooshwa.

— Jamani. Huu ni mtihani.

— Tunajua, alisema Kinyozi.

— Basi geukeni.

— Tugeuke? Tumeihangaikia tangu saa tatu! Tunataka kuona ikiandika!

— Ule uliopita ulivuja hivihivi. Geukeni mtazame barabara.

Wakageuka. Kwanza Birika, kisha Fundi Saa, kisha Gia na mtoto wake begani, na Kinyozi wa mwisho, shingo ikibaki nyuma kidogo.

— Na mimi? aliuliza mteja.

— Pande zote mbili za kichwa, kaka, alisema karani.

Wakasimama mstari mmoja, migongo kwa mashine. Waliokuwa wakipita njia waliwasalimu, wakaitikia. Nyuma yao vidole vilianza. Havikuwa na mapigo, vilimiminika, kama mvua inapopata bati.

— Sikia hiyo, alinong'ona Fundi Saa. Haikosi hata mstari.

— Hilo ni swali la hesabu, alinong'ona Kinyozi. Nimesikia tarakimu.

— Tarakimu zinasikikaje?

— Ziko juu ya kibodi. Mkono unakwenda mbali.

— Ni sayansi hiyo, alisema Gia. Maneno marefu.

— Nasikia, alisema karani. Nyamazeni.

Ukurasa ukaisha. Wakasikia karatasi ikigeuzwa, kisha karani akisoma kwa pumzi, kutoka juu hadi chini, taratibu kuliko ilivyohitajika. Vidole aliona mikono yake mwenyewe imetulia juu ya kibodi na hakuweza kuiondoa.

— Hakuna kosa, alisema karani. Nyumbani una mlango unaofungwa?

— Una komeo, mama.

— Basi Jumatatu naleta mengine. Darasa la kwanza hadi la saba. Yule mwingine nitampigia nimwambie asinisubiri.

Mstari wa migongo ulikuwa umesikia. Aliona mabega ya Fundi Saa yakishuka, ya Birika yakitikisika, na Kinyozi akiuma ncha ya aproni ili asipige kelele.

— Tugeuke sasa?

— Bado, alisema Vidole. Nahifadhi ukurasa na kuufuta uso wa skrini.

Ikabaki dakika moja ya kusubiri, na katika benchi zima mmoja tu ndiye aliyekuwa anatazama mtihani. Bonge, kidevu juu ya bega la Gia, macho mapana, mate yakidondoka kwenye shati la dereva, alikuwa akiusoma wote kuanzia juu.

Kinyozi akainamisha kichwa, akasogeza mdomo karibu na sikio la mtoto.

— Mwanangu, wewe umeona. Mwambie mjomba, taratibu tu. Swali la kwanza linasemaje?

Bonge alimtazama kwa makini, akatia kidole kwenye sikio la Gia, akarudi kwenye swali la pili.